Weusi, Vyeusi au Madude? Mchezo wa Metro 2033 Ukisomwa Kutoka Likasi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuiuliza kila kazi ya sanaa maswali mawili: inasema nini, na inasemaje. Maswali hayo, yaliyozaa mgawanyo maarufu wa fani na maudhui, yameelekezwa kwa riwaya, tamthilia, mashairi na nyimbo. Ni nadra kuelekezwa kwa michezo ya video, ingawa wanafunzi wengi wanaoingia vyuoni leo walizijua hadithi kwa njia ya kioo cha kompyuta kabla ya kuzijua kwa njia ya kitabu. Makala haya yanakusudia kuuhakiki mchezo mmoja wa aina hiyo, uitwao Metro 2033, na kuonyesha kwamba nyuma ya bunduki zake nyingi swali lake kubwa ni swali la lugha: adui anaitwaje, na ni nani aliyempa jina hilo.

Mchezo huo ulitolewa Machi 2010 na studio ya 4A Games, iliyoanzishwa Kyiv nchini Ukraine, kisha ukaboreshwa na kutolewa tena mwaka 2014. Hadithi yake imetokana na riwaya yenye jina hilohilo ya Mrusi Dmitry Glukhovsky, ambaye alianza kuisambaza bure katika intaneti mwaka 2002, kabla haijachapwa kuwa kitabu mwaka 2005. Kwa mujibu wa hadithi, vita vya nyuklia viliiteketeza dunia mwaka 2013, na wakazi wa Moscow waliosalimika ni wale tu waliowahi kukimbilia katika reli ya chini ya ardhi. Miaka 20 baadaye stesheni za reli hiyo zimekuwa dola ndogondogo zenye mipaka, ushuru na walinzi: kuna Wekundu, kuna wafuasi wa Unazi, kuna wafanyabiashara wa muungano wa Hansa, na kuna Polis, panapohifadhiwa elimu iliyobaki. Artyom, kijana aliyekulia katika stesheni ya kaskazini, anatumwa Polis kuomba msaada kwa sababu viumbe wa ajabu kutoka juu wanaishambulia stesheni yao. Safari yake inamfikisha kwenye makombora ya zamani ya jeshi, na kwenye uamuzi wa kuyarusha au kutoyarusha juu ya makazi ya viumbe hao.

Mandhari hiyo si ya kubuni tu. Metro ya Moscow ilifunguliwa tarehe 15 Mei 1935, na mwaka 1941, Wajerumani walipokuwa wakiushambulia mji kwa ndege, wakazi walijihifadhi katika stesheni zake. Historia ikaja kuongeza kejeli ambayo watunzi hawakuipanga: Februari 2022, jeshi la Urusi lilipoivamia Ukraine, ni watu wa Kyiv, mji ulikotengenezwa mchezo wenyewe, waliokwenda kulala metroni pamoja na watoto wao. Glukhovsky, aliyeilaani vita hiyo hadharani, alihukumiwa na mahakama ya Moscow mwaka 2023, akiwa hayupo, kifungo cha miaka minane.

Hewa, mwanga na risasi

Ubora wa kwanza wa mchezo huu uko katika fani. Mchezo wa kufyatua risasi aghalabu humpa mchezaji mwili usiochoka, usiopumua, wenye risasi zisizoisha. Hapa mambo ni kinyume. Kila Artyom anapopanda juu hana budi kuvaa barakoa ya kuzuia sumu. Pumzi yake inasikika, kioo cha barakoa kinaingia ukungu na kupasuka akipigwa, na chujio la hewa lina muda wake, unaohesabiwa na saa ya mkononi. Tochi yake hufifia, naye huichaji kwa kubanabana kifaa cha mkono, kazi ambayo humlazimu kuachilia bunduki. Akitaka kujua anakokwenda huchomoa daftari na kulimulika kwa kiberiti cha gesi. Hakuna maandishi mengi pembezoni mwa kioo ya kumweleza hali yake. Anaijua kwa kusikia na kwa kuona, kama anavyoijua mtu aliye ndani ya shimo kweli.

Katika hili msomaji wa Likasi ana la kusema kuliko msomaji wa mji usio na migodi. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulizaliwa kutokana na machimbo, na Kambove yenye mgodi wa chini ya ardhi haiko mbali. Mchimbaji wa Kambove anajua taa, hewa na maji kuwa ndiyo mabwana watatu wa shimo. Mgodi wa Kipushi, wenye kina cha zaidi ya mita 1,000, ulisimamisha uzalishaji mwaka 1993, na mwaka 2011 ukajaa maji pampu ziliposhindwa. Ulirudi kuzalisha mwaka 2024 tu. Lakini kuna jambo moja ambalo mchezo umeligeuza juu chini. Mchimbaji hupanda juu apate kupumua. Artyom hushuka chini apate kupumua. Kwa mtu wa Katanga mgeuko huo ni mzito: pale anapopajua kuwa ndipo mahali pa kazi, pa jasho na wakati mwingine pa kaburi, mchezo unamwambia ndipo nyumbani. Atachukua muda kuuzoea, na muda huo si hasara, kwa maana hofu ambayo watunzi waliitafuta kwa kelele za mazimwi yeye anaipata bila zimwi lolote.

Fedha ya metroni ni risasi. Zile zilizotengenezwa viwandani kabla ya vita ndizo sarafu. Zile duni, zilizofinyangwa stesheni kwa stesheni, ndizo za kupigania. Mchezaji anaweza kuipakia sarafu katika bunduki, na inaua vizuri zaidi, lakini kila anapoifyatua anafyatua chakula chake. Hakuna ubunifu bora kuliko huu katika mchezo mzima, kwa sababu unalitia dhamira tendo ambalo katika michezo mingine halina hata uzito. Ganda la risasi kwa kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki, yaani madini ya Likasi na ya Kipushi. Tena Katanga ilikuwa na fedha ya shaba kabla ya Wabelgiji: misalaba midogo iliyosubuliwa na mafundi wa kienyeji na kutumika katika biashara na mahari. Shaba ilikuwa fedha kabla haijawa risasi. Moscow ya Glukhovsky imeirudisha kuwa vyote viwili kwa pamoja.

Dosari hazikosekani. Sura za vita baina ya Wekundu na wafuasi wa Unazi zinafanana na michezo mia mingine, na mchezaji hodari anaweza kupita gizani bila kumuua mtu, jambo ambalo ni sifa kwa mchezo lakini pia ni ushahidi kwamba mapigano hayo hayana la kusema. Wanawake wamo stesheni, wakipika, wakilia, wakinong'ona, lakini safari yenyewe imeachiwa wanaume. Katika riwaya dosari hiyo ipo pia, kwa hiyo si sahihi kuwalaumu watengenezaji wa mchezo peke yao.

Jiwe la Shinkolobwe

Mchezo hausemi moto ulitoka wapi. Makombora yalianguka, basi. Ukimya huo unaweza kutetewa, kwa kuwa Artyom alikuwa mtoto mdogo wakati wa vita, lakini katika Likasi haupiti hivihivi. Kilomita chache magharibi ya mji kuna Shinkolobwe, ambako madini ya urani yaligunduliwa mwaka 1915 na kuchimbwa na Union Minière tangu miaka ya 1920, kwanza kwa ajili ya radi iliyomo. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe hayo hadi New York, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua kwa ajili ya mradi wa bomu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilitoka katika shimo hilo.

Habari hiyo inajulikana. Ile isiyosimuliwa sana ni kwamba jiwe la Shinkolobwe lilifika Moscow pia. Union Minière ilikuwa na akiba ya urani huko Ubelgiji, Wajerumani wakaiteka mwaka 1940, na mwaka 1945 wataalamu wa Kisovieti waliotumwa Ujerumani walikuta zaidi ya tani 100 za oksidi ya urani zilizokuwa zimefichwa. Mali hiyo iliyotekwa ilisaidia kukiwasha kinu cha kwanza cha nyuklia cha Wasovieti, F-1, tarehe 25 Desemba 1946, ndani ya Moscow yenyewe. Kwa hiyo anayekaa Likasi na kumwona Artyom akitazama kupitia barakoa mji uliokufa hatazami msiba wa watu wa mbali. Anatazama mwisho wa njia iliyoanzia kwake. Shimo la Shinkolobwe lilifungwa kwa zege kabla ya uhuru wa mwaka 1960; wachimbaji wa mikono wakarudi hapo miaka ya 1990 kutafuta kobalti, na Julai 2004, miezi kadhaa baada ya serikali kupiga marufuku uchimbaji huo, ardhi iliporomoka na kuua watu. Hao nao walikuwa na tochi zao. Barakoa hawakuwa nazo.

Jina la adui

Katika Kirusi, viumbe wanaoishambulia stesheni ya Artyom wanaitwa chyornye. Neno hilo ni kivumishi kitupu cha wingi, kisicho na nomino, chenye maana ya 'weusi'. Tafsiri ya Kiingereza ililikwepa neno la rangi na kuchagua jina lenye maana ya 'wale wa giza'. Sababu ya kukwepa inaeleweka. Lakini kilichokwepwa ndicho kiini cha hadithi, kwa kuwa katika mitaa ya Moscow neno lilelile hutumiwa kama tusi kwa watu wa Kaukazi na Asia ya Kati, na kwa Waafrika pia. Glukhovsky hakuliokota ovyo. Aliwaweka wasomaji wake wa Kirusi upande wa walinzi wa mpaka wanaosema kwamba weusi wanakuja, kisha kurasa za mwisho akawaonyesha kwamba hao waliokuja hawakuja kupigana. Walikuwa wakitafuta mtu mmoja atakayeweza kusikia lugha yao, na Artyom ndiye aliyekuwa na sikio hilo. Katika riwaya anaelewa makombora yakiwa yamekwisha kuruka.

Kiswahili kingefanya nini? Swali si la kinadharia, kwa kuwa tafsiri rasmi ya Kiswahili haipo, na mchezaji wa Likasi anayeucheza kwa Kifaransa au Kiingereza lazima amsimulie mwenzake aliye pembeni kwa lugha ya nyumbani. Hapo sarufi inamdai jibu ambalo Kirusi hakikumdai mtunzi. Kivumishi cha Kiswahili hakisimami bila ngeli. Akisema weusi, au beusi kama inavyotamkwa Likasi, amewaweka katika ngeli ya watu, na tayari amekubali kwamba kuna mtu wa kuzungumza naye. Akisema vyeusi amewafanya vitu. Akisema madude amewapa ukubwa na kuwanyima sura. Inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili sanifu humpa hata mnyama upatanishi wa kiumbe hai: kifaru hutajwa kwa ki-, lakini huja na hulala kama mtu. Kwa hiyo msemaji anayetaka kumwondolea kiumbe uhai katika sarufi hawezi kusingizia lugha. Amekusudia.

Likasi inalijua tendo hilo, na si kwa njia ya mchezo. Mwaka 1992 na 1993, mkoa ulipokuwa ukiitwa Shaba, wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba na kazi zao. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapahapa, watoto na wajukuu wa watu walioletwa na Union Minière na reli. Kabla ya kufukuzwa walipewa jina: bilulu, yaani wadudu. Mwanaisimu hapaswi kulipita neno hilo haraka. Kiswahili sanifu husema mdudu, wadudu, kwa kiambishi kilekile cha mtu na watu; kilulu, bilulu liko katika ngeli ya vitu. Jina lilitangulia, likarudiwa mikutanoni na barabarani hadi likawa la kawaida mdomoni mwa majirani, ndipo mawe na mapanga yakafuata. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika katika stesheni ya reli ya Likasi na kandokando yake, wakingoja kwa majuma na miezi treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Walipika hapo, walizaa hapo, na wengine walifia hapo kwa maradhi.

Stesheni iliyogeuka makazi, watu waliogawanywa na mpaka uliochorwa juzi, na jina la ngeli ya vitu likiwa limewekwa juu ya watu: mchezo wa Kyiv umebuni kwa taabu, na kuuweka katika mwaka 2033, ulimwengu ambao Likasi iliupitia miaka 40 mapema. Nao haukuhitaji vita vya nyuklia. Ulitosheka na kuporomoka kwa Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na mwaka 1994 haikufikisha hata 50,000. Chakula kilipopungua stesheni, walinzi waliutafuta uso wa adui.

Kusikia kama tendo

Mchezo umeongeza jambo ambalo riwaya haikuweza kuwa nalo. Riwaya ina mwisho mmoja. Mchezo una miwili: Artyom huweza kuacha makombora yashuke, au kukiharibu kifaa kinachoyaongoza akiwa juu ya mnara wa Ostankino. Njia ya pili haifunguki kwa kila mchezaji. Inafunguliwa na alama za siri ambazo mchezo hauzitaji popote: kumpa maskini risasi moja, kukataa malipo ya mama ambaye mtoto wake umemrudisha ukiwa umembeba mgongoni, na, zaidi ya yote, kusimama na kuyasikiliza mazungumzo ya watu wasiokuhusu hadi yaishe. Artyom husikika akisimulia kati ya sura na sura tu. Ndani ya sura hana neno. Tendo lake la pekee lisilo la bunduki ni kusikia.

Wapo watakaosema kwamba siri hiyo ni udhaifu, kwa kuwa mchezaji mwenye haraka hufika mwisho akayarusha makombora bila kujua kwamba palikuwa na njia nyingine. Hoja hiyo haina nguvu. Wema unaotangazwa kwa alama kwenye kioo ni biashara, na mchezo huu tayari una fedha yake. Ni kweli pia kwamba mchezo uliofuata, wa mwaka 2013, ulichukua mwisho wa makombora kuwa ndio uliotokea, na kumfanya Artyom mtu anayebeba hatia. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko kuwapongeza wachezaji wachache.

Sura inayofundisha kusikia vizuri zaidi ni ile ya Maktaba kuu ya Moscow, ambamo hutembea majitu makubwa yenye manyoya yanayoitwa Wakutubi. Utani huo utaeleweka na yeyote aliyewahi kurudisha kitabu kilichochelewa. Jitu hilo likikukaribia, ukikimbia litakurukia, na ukilifyatulia utamaliza akiba yako kabla halijaanguka. Njia ni kusimama, kulitazama usoni bila kugeuka, na kurudi nyuma polepole hadi litakapochoka na kwenda zake. Ni zoezi gumu kwa kidole kilichozoea kufyatua. Kabla ya hapo, Khan, msafiri wa mahandakini ambaye ndiye mwenye hekima kuliko wote metroni, humzuia Artyom asipige risasi vivuli vya wafu vinavyopita ukutani. Sura hizo mbili ndizo roho ya mchezo, na katika zote mbili bunduki imeshikwa lakini haisemi.

Baki tatizo la mtafsiri. Ingevutia kuanza na madude kinywani mwa walinzi na kumalizia na weusi kinywani mwa Artyom, ili sarufi yenyewe isimulie safari yake kutoka ngeli hadi ngeli. Lakini Kirusi hakibadilishi jina. Ni lilelile mwanzo hadi mwisho, na uzito wake umo katika kutobadilika huko: jina lilikuwa sahihi tangu mwanzo, masikio ndiyo yaliyokuwa mabaya. Mtafsiri mwaminifu atachagua Weusi na kubaki nalo. Atapoteza kitu, kwa sababu siri iliyofichwa hadi mnara wa Ostankino itaanza kuvuja katika sentensi ya kwanza. Mchezaji wa Likasi atakayeambiwa na mlinzi wa stesheni kwamba Weusi wanakuja, na kwamba ni lazima wauawe wote, atacheka kwanza. Kisha atatoa kidole kwenye kitufe, asikilize ni akina nani hao wanaokuja.